Kigeu Kisichogeuka: Uzoefu Wangu na Darasa la Rust

Nilingoja hasira ipoe kwanza ndipo niandike, lakini naona haina nia ya kupoa. Mapema mwaka huu, mvua zikiwa zimeanza kuziharibu barabara za Dar es Salaam, nilijiandikisha katika darasa la jioni la lugha ya programu iitwayo Rust, na yaliyonikuta siku ya somo la vigeu, yaani majina yanayohifadhi thamani ndani ya programu, yananichoma hadi leo. Mimi ni mhasibu wa chama cha kuweka na kukopa. Nilitaka kuandika kwa mkono wangu programu ndogo ya kujumlisha michango, na kijana mmoja wa ofisini ndiye aliyenishawishi kwamba lugha hii haina mzaha na makosa.

Saa nzima ya kwanza mkufunzi alitusimulia jinsi Graydon Hoare alivyoianzisha akiwa mfanyakazi wa Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, na jinsi toleo la 1.0 lilivyotoka Mei 2015, habari ambazo ningezisoma bure nikiwa kitandani. Zikiwa zimebaki dakika chache tu ndipo tulipofika kwenye vigeu. Niliandika let salio = 0; na mstari uliofuata nikaandika salio = salio + 5000; nikitarajia salio liwe elfu tano. Kompaila, yaani programu inayokagua na kutafsiri msimbo ili kompyuta iuelewe, ilikataa na kunipa kosa namba E0384, kwamba kigeu kisichobadilika hakiwezi kupewa thamani mara mbili. Nilinyoosha mkono na kuuliza, kwa adabu kabisa, kama hakigeuki, kwa nini kinaitwa kigeu?

Mkufunzi, ambaye kwa umri ningeweza kumzaa, alicheka. "Mama, weka mut hapo mbele ya jina tuendelee. Hii si lugha ya wahasibu." Darasa lote likacheka naye.

Kwa haki niseme kwamba mut, neno linaloruhusu kigeu kibadilike, ilifanya kazi. Niliandika let mut salio = 0; na elfu tano zikaonekana. Hilo ndilo lililonikera zaidi, maana nilipewa dawa bila kuambiwa ugonjwa, na nikaondoka nimeazimia kwamba mtu yeyote atakayeniuliza nitamwambia asiiguse lugha hii wala darasa lile.

Usiku, kwa sababu ya ukaidi tu, niliusoma upya ule ujumbe wa kosa. Kompaila ilikuwa imenionyesha mahali nilipokipa kigeu thamani ya kwanza, ikanionyesha mahali nilipotaka kukibadilisha, na chini yake ikanipendekezea ile ile mut. Nilipoandika rustc --explain E0384 nikapata maelezo pamoja na mfano, bila kicheko. Hapo ndipo nilipong'amua kitu ambacho mhasibu alipaswa kukiona mapema kuliko wote: katika daftari la fedha hatufuti. Tarakimu iliyoandikwa kwa wino hubaki ilivyo, na aliyekosea huandika ingizo jingine la kurekebisha. Rust humpa kila mtu kalamu ya wino, na anayetaka penseli hulazimika kuiomba waziwazi, ili atakayeukagua msimbo baadaye ajue ni vigeu vipi vya kuvikodolea macho. Si lugha ya wahasibu? Sijaona lugha yenye tabia za kihasibu kuliko hiyo.

Kipindi kilichofuata nilikwenda na swali jingine. Nilikuwa nimegundua kwamba kiasi cha mchango kikisomwa kama maandishi na kuhifadhiwa katika kigeu salio, naweza kuandika let kwa mara ya pili, kwa jina lile lile la salio, nikakigeuza kuwa namba, na kompaila isilalamike hata kidogo. Mkufunzi alisema haiwezekani, jina likishatumika limetumika. Nikaendesha programu mbele yake, ikakubali. Akasema, "Hiyo ni bahati yako, Mama," akahamia meza nyingine. Bahati! Let ya pili hutengeneza kigeu kipya kinachokifunika kile cha zamani, na ndiyo sababu hata aina ya thamani inaweza kubadilika, jambo ambalo mut hairuhusu. Nilikuwa nimemlipa mtu ili anifundishe jambo ambalo nilikuja kumfundisha yeye, na hata hivyo hakujifunza.

Baada ya hapo sikurudi tena. Niliendelea nyumbani, na nilikuwa nimekwisha kuipa lugha yenyewe nyota tano, mpaka nilipofika kwenye kuhesabu risiti. Kihesabio nilikiandika kwa aina ya u8, inayobeba namba kuanzia 0 hadi 255, kwa kuwa sikudhani tungefikisha risiti nyingi hivyo. Siku moja zikawa 260. Nilipokuwa najaribu kwa njia ya kawaida, programu ilisimama na kunieleza kwamba namba imezidi kipimo, nami nikaishukuru. Lakini nilipoitengeneza kwa matumizi halisi, kwa amri ya cargo build --release, programu hiyo hiyo, kwa risiti hizo hizo, ilihesabu kimya kimya na kuniletea jibu la 4. Risiti nne! Najua sasa kwamba kuna namna ya kuiamuru isimame hata huko, na najua kosa la kuchagua u8 ni langu. Hata hivyo, lugha iliyonikemea kwa kutaka kuongeza elfu tano kwenye salio ilipata wapi ujasiri wa kumeza risiti 256 bila kukohoa?

Basi nyota tano nimezipunguza kuwa tatu, ingawa leo asubuhi nimeifungua tena programu ile na huenda nikarudisha moja. Za mkufunzi sikuzijaza.