Subaru: injini ndo imelala, fundi wako asilale

Ukisema tu unataka kununua Forester lazima atokee mtu wa kukwambia "achana na Subaru utajuta, chukua Toyota ulale usingizi". Muulize sasa kama amewahi kuimiliki, utasikia hapana ila shemeji yake alikuwa nayo ikachemsha. Mimi natembelea Forester SG5 (SG5 ni kodi ya toleo lake) isiyo na tabo, ile ya 2.0, na kwa sababu ya hiyo gari nimekaa sana kwenye mabenchi ya gereji za Ilala na wamiliki wenzangu, wa Impreza, wa Legacy, wa XV, nimesikia sifa zote na matusi yote. Msimamo wangu nautoa mapema: karibu kila kitu watu wanachokipenda kwenye Subaru na karibu kila kitu wanachokilalamikia kinatoka sehemu moja, injini yake imelala ubavu badala ya kusimama wima. Ukilielewa hilo utajua mwenyewe kama hii gari inakufaa au upite hivi.

Hawa jamaa hawakuanza na magari, walianza na ndege. Mwaka 1917 Chikuhei Nakajima, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini la Japani, alianzisha shughuli zake kule Ota, mkoa wa Gunma, na mpaka Vita Kuu ya Pili inafika walikuwa wanatoa ndege za kivita ikiwemo ile Ki-43 Hayabusa. Japani ikapigwa, Wamarekani wakapiga marufuku kutengeneza ndege, mainjinia wako pale hawana kazi, 1946 wakatoa skuta inaitwa Rabbit ili mkono uende kinywani. 1950 kampuni ikavunjwa vipande vipande, 1953 vitano kati ya hivyo vikaungana vikawa Fuji Heavy Industries, na ile nembo ya nyota 6 ndo inasimulia hiyo stori, nyota kubwa ni kampuni mama na zile 5 ndogo ni walioungana, zimepangwa kama Kilimia cha angani. Jina la Subaru Corporation wamelichukua rasmi 2017 tu, kwahiyo ukifungua boneti ya gari ya zamani ukakuta kibati kimeandikwa Fuji Heavy Industries usipaniki, hujauziwa feki.

Gari ya kwanza iliyouza ilikuwa Subaru 360 ya 1958, kagari kadogo, injini iko nyuma, cc 356, ya kuchanganya petroli na oili kama pikipiki za zamani. Kwao ilipendwa sana. 1968 mfanyabiashara mmoja anaitwa Malcolm Bricklin akaipeleka Marekani, mwaka uliofuata jarida la Consumer Reports likaipima na kusema hii haifai kabisa, biashara ikadoda. Ila kabla ya aibu hiyo, 1966, walishatoa Subaru 1000, na hapo ndo tabia ya Subaru ilipoanzia, injini bapa ya silinda 4 imewekwa mbele na inavuta tairi za mbele. Pistoni hazisimami wima kama za Toyota yako, zimelala ubavu, mbili kulia mbili kushoto, zinarusha ngumi kama mabondia, ndo maana injini inaitwa boksa.

Fofo nayo, yaani tairi zote 4 kuvuta (nyie mnaosema foo wili sawa tu), ilikuja kwa njia ya kuchekesha kidogo. Mwaka 1971 shirika la umeme la Tohoku, kaskazini mwa Japani kwenye theluji, lilikuwa linataka gari ya mafundi wake wa nyaya, sio jipu la kutikisa mifupa, gari ya kawaida tu ila isikwame. Wauzaji wa Subaru wa Miyagi wakachukua staisheni wagoni wakaifungia mfumo wa kuvuta tairi za nyuma pia. Kiwanda kikaona kumbe inawezekana, 1972 ikatoka Leone ya 4WD. Kwahiyo hii gari tunayoendea nayo harusini ilizaliwa kama gari ya mafundi umeme, na mimi kila nikipita Madale kipindi cha masika, magari yamepaki pembeni yanasubiri kuvutwa, nawashukuru sana wale watu wa Tohoku.

Rally lazima niiguse maana wengi ndo walipoijulia. Kwa wenzetu Kenya hasa, Subaru sio gari, ni ushabiki. Mwaka 1993 Patrick Njiru aliingia Safari Rally na Subaru Vivio, kale kagari kadogo ka cc zisizofika 700, watu wakacheka, jamaa akamaliza nafasi ya 12, wakati Colin McRae alikuwa na Vivio kama hiyo hiyo na hakufika mwisho. Mwaka uliofuata Njiru akamaliza wa 4 na Impreza. McRae akaja kulipiza 1997 akaibeba Safari, Richard Burns akaibeba 2000, zote Impreza ya bluu. Kwenye dunia wakachukua ubingwa wa watengenezaji mara tatu mfululizo, 1995, 1996 na 1997, na madereva watatu wakawa mabingwa wakiwa na Subaru, McRae 1995, Burns 2001 na Petter Solberg 2003. Mwisho wa 2008 wakajitoa kwenye mashindano, uchumi wa dunia ulikuwa umeyumba. Sasa ule urithi wa rally umetuachia vijana wanaokata ekzosti saa sita usiku mtaani kwetu, lakini hilo siwezi kuwalaumu Wajapani. Ule muungurumo wenyewe, kwa wasiojua, unatokana na mabomba ya ekzosti yasiyolingana urefu kutoka kila upande wa injini. Legacy za tabo za kuanzia 2003 za soko la Japani mabomba walishayalinganisha, gari ikapumua vizuri zaidi, na bado kuna watu wanalipa fundi awarudishie yasiyolingana ili ingurume. Tuache hapo.

Tuje kwenye matumizi. Injini ikilala uzito wa gari unakuwa chini, na giaboksi inakaa nyuma ya injini katikati kabisa, shafti za kulia na kushoto zinalingana. Matokeo yake unayaona kwenye kona. Forester ni gari ndefu kwenda juu ila kwenye kona za Kitonga haiyumbi kama unavyotegemea, inakaa, na mvua ikinyesha ndo unaelewa ulilipia nini. Forester SJ, ile ya kuanzia 2012 mwishoni, iko juu milimita 220 kutoka chini, hapo matuta ya mtaani na mitaro ya Goba unapita bila kufumba macho. Siti nzuri, vioo vikubwa unaona nje vizuri kuliko gari nyingi za saizi yake. Hizo sifa hata wanaoichukia wanakubali.

Haya wese. Hapa hakuna kudanganyana. Inakunywa. Fofo ya muda wote maana yake unazungusha vyuma vingi muda wote, hata ukiwa kwenye lami kavu foleni ya Mwenge. Wenye SG5 isiyo na tabo wengi wanataja kilomita 8 mpaka 10 kwa lita wakiwa safari, mjini inashuka kutegemea na mguu wako, na wenye XT, yaani Forester ya tabo, wengine hawapendi hata kuulizwa. Kinachowaumiza zaidi ni wenye Impreza ya 1.5 ya fofo, anaona cc ndogo anadhani kapata Toyota IST, kumbe injini ndogo inabeba mzigo ule ule. Kuna hii janja ya fyuzi ya FWD, kwenye zile otomatiki za gia 4 kuna sehemu chini ya boneti ukichomeka fyuzi gari inavuta mbele peke yake, mafundi wanaiuza kama dawa ya kubana mafuta. Kitabu cha gari kinasema ni ya muda, kwa mfano umefunga tairi ndogo ya akiba. Kutembea nayo mwaka mzima ili uokoe lita mbili sioni maana, si ungenunua tu gari ya tairi mbili.

Na hilo la tairi ndo linawashinda Waswahili wengi, maana tumezoea kununua mbili mbili, mbele mpya nyuma kipara. Kwenye Subaru tairi zote 4 ziwe saizi moja, aina moja na ziishe pamoja, vinginevyo mfumo wa fofo unadhani gari inateleza muda wote, unafanya kazi mpaka unajiua. Gharama hii mtu haambiwi siku ananunua.

Sasa kuchemsha, ugonjwa maarufu kuliko yote. Hii stori ya hedi gasketi (ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini) kuungua ina ukweli ila imetafsirika vibaya. Injini iliyochafua jina ni EJ25 ya 2.5 isiyo na tabo, za miaka ya 90 mwishoni na 2000 mwanzoni, ambazo Marekani ziliuzwa kwa wingi sana, na Wamarekani ndo wanaoandika sana mtandaoni. Huku kwetu nyingi zimetoka Japani na ni EJ20 au EJ15, hazina ugonjwa huo kwa kiwango kile. Zinachemka kwanini basi? Injini imelala, njia za maji zimelala pia, hewa ikinasa haitoki kirahisi. Fundi akimwaga maji ya bomba badala ya kulanti, akaziba boneti bila kutoa hewa, umeondoka gereji na tatizo jipya. Rejeta imejaa kutu, feni moja haizunguki, mtu anaona geji imepanda kidogo anasema nikifika nitaangalia. Gari ya namna hiyo hata ingekuwa Corolla ingekufa, tofauti Corolla inakuvumilia siku mbili tatu na Subaru haikupi hata nusu saa.

Plagi nazo zimeangalia pembeni, ziko karibu na chesisi, mkono hauingii vizuri. Nimemuona fundi mmoja, gereji siitaji, kafunga plagi tatu mpya ya nne kaacha ya zamani kwa sababu ilikuwa inamsumbua kuifikia, na hela kachukua ya zote nne. Oili inayovuja kwenye kava za valvu inadondokea ekzosti moja kwa moja maana ekzosti iko chini yake, ndo ile harufu ya kuungua ukisimama kwenye taa. Sio ajali, ni gasketi ya bei rahisi tu, ila ukiidharau oili inapungua na injini hizi hazitaki kabisa oili ipungue. EJ zina mkanda wa taimingi, kwenye kilomita laki moja badilisha pamoja na pampu ya maji na rola zake, ukikatika valvu zinakutana na pistoni na hapo hamna cha kuongea. Kuanzia 2010 zilipokuja injini za FB mkanda ukawa cheni, afadhali, ingawa FB za mwanzo kule Marekani wamiliki waliishtaki kampuni kwa kula oili, wakamalizana 2016 na waranti ikaongezwa. Kwahiyo hata yenye cheni chomoa dipstiki uangalie, usisubiri taa.

Spea zipo. Ilala na Gerezani unapata, Nairobi watu wanaenda Kirinyaga Road, ila sio kila duka la kona kama ilivyo kwa Toyota, na bei iko juu kidogo. Kuuza pia inachukua muda, IST ukiitangaza asubuhi jioni imeondoka, Forester itakaa na utapigiwa simu nyingi za watu wanaouliza "ina tabo?" halafu wanakata. Upande mzuri ni kwamba mnunuzi nawe unaweza kubana bei.

Na wale wa "chukua Toyota", taarifa yenu ni kwamba Toyota mwenyewe ameshanunua. Alianza na hisa kidogo 2005 wakati General Motors anatoka, sa hivi anamiliki karibu asilimia 20 ya Subaru, na ile GT86 yake ya 2012 mnayoitamani injini yake ni boksa, imejengwa kiwanda cha Subaru kule Gunma. Sasa endeleeni.

Kama unaniuliza ununue ipi, mimi SG5 isiyo na tabo iliyotunzwa bado naiona bora kwa hela yake hapa Tanzania, ila zimezeeka na kodi ya uchakavu ukiagiza inauma, bora umpate mtu wa hapa hapa, gari imeshasajiliwa namba D, anayejua tarehe aliyobadilisha mkanda. Asiyekumbuka, hesabu haujabadilishwa na gharama yake uitoe kwenye bei. Mwenye uwezo aende SJ ya 2.0. Kenya kwa sheria yao ya miaka 8 wao wanaangukia SK (Forester iliyofuata baada ya SJ), XV na Levorg, hizo zina giaboksi ya CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua, oili yake iwe ile ile ya CVT ya Subaru, fundi anayekwambia "hidroliki ni hidroliki tu" mwachie spana zake na uondoke na gari yako. XT usinunue kama oili unabadilisha kwa kukumbushwa na mke.

Siku ya kuikagua nenda asubuhi injini ikiwa baridi, mwambie muuzaji asiiwashe mpaka ufike. Iwashe, isikilize, iache ingurume mpaka feni ziwake zote mbili, angalia kwenye tanki dogo la kulanti kama kuna mapovu yanapanda, halafu zungusha usukani wote ukitembea taratibu kwenye lami kavu, ikishikashika kama inavuta breki yenyewe ujue fofo imechoka au tairi hazilingani. Muuzaji akianza kukwambia "hiyo kawaida ya Subaru zote", sio kweli, mwambie apunguze au muachane. Wenye SJ za CVT mliovuka kilomita laki na nusu na barabara zetu hizi mje mseme giaboksi zinaendaje, maana mimi naitamani na mafundi kila mmoja ananiambia lake.