Saiti ya Kenya Law: kama una duka la kukodi, isome

Watu wangu wa Nairobi wenye vibanda na maduka ya kukodi, hii saiti ya Kenya Law ni ya bure kabisa, sheria za Kenya na hukumu za korti ziko hapo na hata akaunti hauhitaji kufungua. Kitu napenda zaidi ni vile haijatoka kwa laini yake, ni sheria tu, hakuna matangazo ya kamari yanakurukia usoni ukisoma.

Chukua mfano wa Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, ile ya wapangaji wa maduka na hoteli. Inasema kama hamkuandikiana mkataba, au mkataba ni wa miaka 5 kushuka chini, landilodi hawezi kukuongezea rent ama kukutoa hivi hivi, lazima akupe notisi ya maandishi ya miezi 2 au zaidi, na ukikataa unaenda kwa tribunal, yaani baraza linaloamua kesi za rent za biashara. Mama mboga wangapi wanajua hii kitu? Ndio maana nasema hii saiti ni ya maana sana.

Muonekano ni wa kawaida, maandishi mengi, sawa tu, sheria si gazeti la udaku. Shida yangu ni lugha. Katiba ya 2010 kifungu cha 7 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi, lakini hukumu karibu zote ni Kizungu kigumu cha mawakili. Wangeweka tu muhtasari wa Kiswahili juu ya kila sheria inayogusa mwananchi wa kawaida, wakianza na hiyo ya rent.