UPS ndogo ya ruta: hiyo elfu kumi ya kwenye boksi isikutishe

Elfu kumi na mia nne! Ngoja nisogeze karibu na kamera muone wenyewe. 10,400 mAh, yaani kipimo cha chaji ya betri, maandishi makubwa kuliko jina la bidhaa. Na hapa pembeni, kwa rangi nyekundu, "masaa 8". Masaa nane ya ruta gani? Ukiwa umewasha nini? Hawasemi. Hilo limenikera na tutalirudia, msiondoke.

Karibuni tena chaneli yenu ya vifaa vya nyumbani. Leo ni hiki kiboksi, UPS ndogo ya ruta. Kazi yake mnaijua: umeme ukikatika, ruta inabaki inawaka. Sitawasomea uzito, rangi wala urefu wa waya, hayo yako kwenye boksi na hayajawahi kumsaidia mtu. Jina la kiwanda pia sitalitaja, kwa sababu kiboksi hiki hiki nimekiona kinauzwa kwa majina mengine, plastiki ile ile, vitobo vile vile.

Kuna kitu kimoja ambacho kinafanya vizuri mno, na hicho ndicho kimenifanya niwashe kamera. Twende mezani.

Hii hapa ruta yangu ya faiba, iko kwenye adapta yake ya kawaida, UPS bado haijaingia. Hii ni laptopu. Nimefungua lile dirisha jeusi la amri. Kwa wa Windows, andika cmd pale kwenye kutafuta, litakuja. Halafu nimeandika ping, nafasi, 8.8.8.8, nafasi, kistari na herufi t. Hiyo t ni kuiambia iendelee mpaka niizuie mwenyewe. Mnaona mistari inavyoshuka? Kila baada ya sekunde hivi laptopu inapiga hodi kwa Google, na Google inaitika. Mstari mmoja, jibu moja. Ukiona mistari inashuka bila kukwama, intaneti ipo.

Sasa angalieni mkono wangu. Nachomoa adapta ukutani... nairudisha. Sekunde moja tu, kama umeme ulivyopepesa. Taa ya sebuleni hata usingeiona vizuri. Feni isingesimama.

Tazameni laptopu. Hakuna jibu. Hakuna jibu. Waifai yenyewe imepotea kwenye orodha.

Na sasa tunasubiri. Ruta imewasha taa ya kwanza. Hii inaanza upya kila kitu, kama mnavyojua ni kompyuta ndogo, lazima ijiwashe, ijitambulishe kwa kampuni, ipewe anwani, ndiyo irushe waifai. Sitakata video hapa, nataka mkae na mimi kwenye haya maumivu.

Wakati tunasubiri, habari za chaneli. Kuanzia mwezi huu video zitatoka Jumamosi asubuhi badala ya Alhamisi usiku, maana wengi mmeniambia Alhamisi mnalala mapema au mnaangalia mpira. Maikrofoni pia ni mpya, mniambie kama sauti bado ina mwangwi. Na wale mlioniuliza kuhusu kirudia waifai cha kuchomeka ukutani, nilishasema: nyumba ya tofali za simenti na vyumba vinne, kile kifaa kitakupa vijiti vitatu vya waifai na intaneti ya kusinzia. Vuta waya mpaka chumbani, weka ruta ya pili huko. Waya wa mita ishirini bei yake ni ya chakula cha mchana cha watu wawili. Tumemaliza hilo.

Tumefika wapi? Taa ya PON, ile ya faiba, bado inapepesa. Bado... Imetulia. Waifai imerudi kwenye orodha, laptopu inajiunga yenyewe, na haya, mstari wa kwanza umejibu. Rudisheni video nyuma mhesabu. Umeme ulipotea sekunde moja, intaneti imepotea dakika zaidi ya mbili. Hapo uwe kwenye usaili wa kazi mtandaoni, au unapakia kazi ya chuo na mfumo unafungwa saa sita kamili usiku. Na umeme wetu huwa haupepesi mara moja ukatulia. Unapepesa, ruta inaanza kuwaka, unapepesa tena, ruta inaanza upya. Kwangu mimi huo ndio ugonjwa wenyewe, kuliko hata giza la masaa matano. Giza la masaa matano unajipanga.

Haya, sasa naweka UPS. Waya wake mmoja unaingia ukutani. Huu mfupi unatoka kwenye kitobo cha volti 12 kwenda kwenye ruta. Nawasha swichi. Tusubiri ruta iwake... nimeikata hii sehemu, mmeshateseka vya kutosha.

Mistari inashuka. Nachomoa ukutani.

Angalieni. Mistari inashuka. Waifai ipo. Taa za ruta hazijatikisika hata moja. Narudisha. Nachomoa. Narudisha. Nachomoa, narudisha, nachomoa, narudisha, naweza kucheza hivi mpaka jioni! Hakuna jibu lililokosekana hata moja. Jamani, hii mimi ndiyo nimeipenda. Hata ile UPS kubwa ya kompyuta, ile yenye uzito wa tofali chini ya meza, ukikata umeme unasikia "tak" ndani yake, swichi inaruka kutoka umeme wa ukutani kwenda kwenye betri. Hapa hakuna kitu cha kuruka. Umeme wa ukutani na betri vyote vimeshafika mlangoni kwa ruta, mmoja ukiondoka mwingine unaendelea kulisha.

Na kwa kuwa nimeitaja ile kubwa, niseme. Kuna watu wameweka ruta kwenye UPS ya kompyuta, ile ya 650VA. Inafanya kazi, sikatai. Lakini fikirieni njia ya umeme: betri ya ndani ni ya volti 12, inapandishwa mpaka 230, halafu adapta ya ruta inaishusha tena mpaka 12. Unapanda ghorofani kwenda kuchukua kitu kilichokuwa chini, na kila ngazi inakula chaji. Halafu zile kelele! Pii, pii, pii, saa nane usiku, mtoto amelala. Hiki kiboksi kimenyamaza kimya. Kina taa ya bluu tu inayowaka kama mnara wa simu, nimeibandika selotepu nyeusi, basi.

Sasa hiyo elfu kumi na mia nne. Sikilizeni, maana hapa ndipo watu wanapoibiwa kwa hesabu halali.

Ndani kuna betri nne za duara, aina ile ile ya kwenye betri za laptopu za zamani. Kila moja ni ya volti 3.7, na wao wamejumlisha uwezo wa zote nne kwenye hiyo volti 3.7. Ruta yako inakula volti ngapi? Geuza adapta usome. Yangu ni 12. Kwa hiyo usiangalie mAh, tafuta wati-saa. Ile 10,400 mAh ni ampia-saa 10.4. Chukua 10.4 zidisha kwa 3.7, unapata 38 na ushee. Ndiyo mzigo wote uliomo humu, wati-saa 38. Gawanya kwa 12, unapata kama ampia-saa 3.2. Ile elfu kumi imeshakuwa elfu tatu na mia mbili! Na bado kuna kinachopotea kwenye kupandisha volti, ndiyo lile joto unalolisikia ukishika chini hapa.

Nimeweka mita katikati ya kiboksi na ruta. Soma hapo: volti 12.1, ampia 0.58. Ni kama wati 7. Kwa wati 7 imekaa masaa manne na nusu hivi, ndiyo ikazima. Masaa nane utayapata kama ruta yako inakula wati 4, ruta ndogo ya antena mbili isiyo na mtu anayeitumia. Na kama kwako faiba inaingia kwenye kiboksi kimoja halafu inakwenda kwenye ruta ya pili, lazima vyote viwili viwe kwenye UPS, na hapo masaa yanagawanyika katikati. Watu wanaweka ruta peke yake, umeme unakatika, waifai ipo imejaa vijiti na intaneti hakuna, wanasema kifaa kibovu. Kifaa ni kizima, ulichokisahau ni kile kiboksi cha pili.

Mtu atauliza, sasa mtaa mzima una giza, intaneti itatoka wapi? Kwa faiba ni swali zuri sana. Ule waya ni kioo, unapitisha mwanga, na vile vigawanyio vya kwenye nguzo havitumii umeme hata kidogo. Umeme unahitajika kwako na kule kwenye mtambo wa kampuni, na wao wana betri na jenereta. Ndiyo maana mtaa unaweza kuwa giza na wewe uko kwenye kikao. Kwa ruta ya laini ya simu unategemea mnara, na mnara nao una betri, ila umeme ukikatika mtaa mzima unahamia kwenye bando, kwa hiyo itasuasua hata ruta yako ikiwaka vizuri. Ndugu zangu wa Kenya mnakumbuka Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima bila stima usiku mzima, hata uwanja wa ndege ukaguswa. Kwa giza la namna ile masaa manne na nusu hayakufikishi asubuhi, tusidanganyane. Na Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tarehe 12, huku kwetu umeme ulikuwepo, ruta zinawaka, na intaneti ndiyo inasuasua au hakuna kabisa. Hapo hata ungekuwa na jenereta ya hospitali.

Kuna kitu kimoja nitakisema kwa ukali kidogo. Vitobo hivi. Sogea... hapa. Kuna 9V, kuna 12V, kuna cha USB, na hiki cha waya wa mtandao kina swichi ndogo ya kuchagua volti 15 au 24. Kitobo cha 9 na cha 12 vinafanana kabisa, plagi moja inaingia kote. Maandishi yake ni ya kijivu juu ya plastiki nyeusi, yaani ilibidi niwashe tochi ya simu. Ruta ya volti 9 ukiichomeka kwenye 12 unaweza kuiunguza, na ya 12 ukiiweka kwenye 9 itawaka na kuzima, kuwaka na kuzima, ukadhani ni virusi. Hiyo swichi ya 15 na 24 kama huna kamera au antena inayolishwa kwa waya wa mtandao, usiiguse, wala usichomeke kitu hapo. Kwa nini wasingeweka rangi tofauti? Rangi ingegharimu nini?

Nimenunua Kariakoo, upande wa Aggrey. Jamaa alianza na elfu tisini. "Bosi wangu, hii orijino, masaa nane." Nikamwonyesha hesabu ya wati-saa kwenye simu, akacheka, tukamalizana kwa sitini na tano. Jirani yake alikuwa na nyingine ya elfu arobaini, lakini ile haina waya wa ukutani, inategemea adapta ya ruta yako mwenyewe. Sikuipenda. Adapta ya ampia moja iwashe ruta na wakati huo huo ijaze betri? Itachemka, na betri itachukua siku nzima kujaa, na kwa umeme wa kukatika mara tatu kwa siku haitajaa kamwe. Kwa arobaini bora uongeze. Au kama una pawabenki nzuri ya 20,000 mAh nyumbani, kuna waya wa kupandisha kutoka USB kwenda volti 12, hauzidi elfu kumi na tano, na kwa ruta ndogo unatosha. Tatizo pawabenki nyingi hazijilishi na kulisha kwa wakati mmoja, kwa hiyo umeme ukikatika inabidi uinuke ukabadilishe, na ruta inawaka upya, na tumerudi kwenye zile dakika mbili.

Sitini na tano ni haki? Kama unafanya kazi nyumbani, ndiyo. Hata themanini ningetoa, nikinung'unika. Kama intaneti ni ya kuangalia tamthilia jioni, kaa na hela yako, umeme ukikatika televisheni nayo imezima. Na hapana, kiboksi hiki hakiwashi televisheni, kiacheni kipumzike.

Ukienda dukani, beba adapta ya ruta yako mfukoni. Soma volti, soma ampia, na uangalie ule mchoro mdogo wa duara, alama ya kujumlisha iwe katikati. Jaribu plagi kwa mkono, kuna za tundu la milimita 2.1 na za 2.5, kwa macho hutazijua, ila isiyo yake italegea au itagoma kuingia. Mwambie muuzaji akuwashie kitu hapo hapo halafu achomoe ukutani mbele yako. Akikataa, geuka, duka la pili liko hatua tatu mbele.

Jumamosi ijayo tunafungua laptopu inayochukua dakika kumi kuwaka, tunaitoa diski yake ya kuzunguka tunaweka SSD, ile diski isiyozunguka. Nimeshainunua, na bei yake imenitibua. Tutaongea.