Spiriti ya duka la dawa kwenye kibodi inayonata: uzoefu wangu

Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi Mwanjelwa, Mbeya. Kibodi yangu ni ya zamani, ya plagi ile ya duara, na naipenda kwa sababu vidole vimeshaizoea. Mwezi Juni, asubuhi ya baridi kali, niliimwagia chai. Kesho yake herufi A ikawa ikibonyea hairudi. Kama ingekuwa Q au X nisingejali, lakini Kiswahili bila A hakiandikiki. Barua ya mteja aliyekuwa anaomba kazi ilitoka "naaaaomba".

Kila niliyemuuliza alinijibu: spiriti. Nikanunua chupa ndogo ya asilimia 70, nikachomoa kibodi, nikaipiga picha nisije nikasahau mpangilio, nikang'oa vitufe kwa bisibisi bapa na kusugua kwa pamba za masikio. Weusi wa jasho la vidole na vumbi la kiangazi ulitoka mara moja, nikafurahi. Jioni A ikanasa tena.

Kumbe sukari haiyeyuki vizuri kwenye spiriti, inataka maji. Nilikuwa naisambaza tu.

Nikaanza upya. Vitufe nikaviloweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni. Vishimo vinamoingia vitufe nikavifuta kwa pamba yenye unyevu, iliyokamuliwa vizuri, mara tatu nne hadi kidole kikapita bila kushika. Ndipo nikapitisha spiriti, safari hii kwa kazi inayoiweza: kuondoa mafuta na kuharakisha kukauka. Nilifungua na skrubu za nyuma. Ndani kuna plastiki mbili nyembamba zenye michirizi ya kupitisha umeme, na katikati yake ya tatu yenye matundu. Hizo nilizipangusa taratibu bila kusugua, maana mchirizi ukikwanguka herufi kadhaa hufa kwa pamoja.

Spesi na Enta viacheni mahali pake kama havinati. Chini yake vina kiwaya cha kusawazisha. Changu cha Spesi kilipinda kwa haraka yangu, na kukinyoosha kulinichukua muda mrefu kuliko A yenyewe.

Kwa baridi yetu niliiacha wazi siku mbili kabla ya kuichomeka. Msiisogeze kwenye jiko la mkaa: plastiki hujikunja, na spiriti inashika moto.

Mpira wa A, ule wa chini unaokirudisha kitufe juu, ulikuwa pia umelegea. Kwa bahati kibodi hii kila kitufe kina kimpira chake, nikabadilishana na cha Scroll Lock, ambacho sijawahi kukigusa.

Spiriti naipa nne kati ya tano kwa uchafu wa vidole, moja kwa chai ya sukari. Leo ni wiki ya tatu, A inarudi yenyewe, na yule mteja nilimchapia barua yake upya bila kumtoza.