Uzoefu wangu: plasta ya chokaa katika nyumba ya matumbawe, Lamu

Mimi na mume wangu tunajijengea nyumba pembezoni mwa Langoni, kisiwani Lamu, kwa mawe ya matumbawe yaliyochongwa Manda Maweni, yakavushwa kwa mashua na kufikishwa kiwanjani kwa punda. Paa lilipokwisha, karibu kila aliyetutembelea alitushauri tupige plasta ya simiti ndani, kwa sababu hukauka upesi na mafundi wake ni wengi. Tuliamua kumpa kazi fundi mzee wa chokaa pamoja na wasaidizi wake. Vyumba vya chini vimekamilika, vya juu vinasubiri, na nimeona ni vyema kueleza tulichopata kabla wengine hawajafikia hatua hii.

Sababu yetu ya kwanza haikuwa uzuri. Tumbawe ni jiwe lenye vitundu na chumvi, na ukuta wake hunyonya unyevu wa ardhini na wa hewa ya bahari mwaka mzima. Simiti ikifunika ukuta huo, unyevu hukosa pa kutokea, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, na baada ya muda plasta huanza kuvimba na kubanduka, hasa sehemu za chini. Atembeaye katika vichochoro vya mji wa kale ataliona jambo hili kwenye nyumba nyingi zilizotengenezwa kwa simiti juu ya kuta za zamani. Chokaa ni laini zaidi na huuacha unyevu upite, ndiyo maana nyumba za karne ya 18 bado zina plasta yake, na zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zilizochongwa ndani yake zingali na kingo kali.

Fundi alikuja kwanza kukagua, akazunguka kila chumba na pima maji, kisha akakataa kuanza. "Mwanangu, mwite fundi umeme amalize, na wa bomba amalize, ndipo mniite mimi," alimwambia mume wangu. Nilidhani anatafuta muda, lakini leo nauona huo kuwa ushauri wa thamani kuliko wote aliotupa. Plasta ya chokaa ikishakauka haipendi kupigwa patasi. Kiraka chake huonekana kwa rangi na kwa mng'ao. Kwa hiyo tulikaa sebuleni tukaamua mahali pa kila soketi, kila swichi na kila taa, tukaweka paipu za waya ndani ya ukuta, na maji yakajaribiwa kwenye mabomba yote kabla ya kufukiwa. Kadhalika zidaka: tulitaka safu moja katika chumba cha ndani, na nafasi zake zilikuwa zimeachwa na waashi tangu ukuta ulipokuwa ukijengwa. Asiyeziacha mapema atalazimika kubomoa. Vyumba vyetu, kama vya nyumba nyingi za hapa, ni vyembamba na virefu kwa kuwa boriti za mkoko hazivuki nafasi pana, na chumba cha namna hiyo kina ukuta mwingi kuliko mtu anavyodhani anapopanga gharama.

Tatizo kubwa lilitoka kwenye chokaa yenyewe. Matumbawe yakichomwa hugeuka chokaa kali, ambayo ni lazima izimwe kwa maji na kuachwa ilowe vizuri kabla ya kutumika. Shehena ya kwanza tuliuziwa kama iliyozimwa tayari, na ikapigwa kwenye ukuta mmoja wa sebule. Ukuta ulipendeza. Baadaye tukaanza kuona vishimo vidogo vya duara, kila kimoja na chembe nyeupe katikati, na chini yake sakafuni vipande vyembamba vilivyoruka. Fundi aliichomoa chembe moja kwa ncha ya kisu, akaiweka kiganjani mwa mume wangu na kueleza kuwa haikuzimika: ilikuwa imefichwa ndani ya plasta, ikanyonya unyevu polepole, ikavimba na kukisukuma nje kilichoifunika. Alikwangua ukuta wote na kuurudia bila kudai ujira wa ziada, ingawa muuzaji hakuturudishia chochote. Tangu hapo chokaa ililowekwa nyumbani kwetu, kwenye shimo lililofunikwa, ikachujwa kwa wavu mwembamba, na vishimo havikuonekana tena.

Upigaji wenyewe ni kazi ya kutazamwa kwa heshima. Ukuta hulowanishwa kwanza, kisha tabaka la chokaa na mchanga safi usio na chumvi, kisha jingine jembamba zaidi, na mwisho niru, yaani chokaa laini ya kumalizia, ambayo fundi huisugua kwa mwiko hadi ipate mng'ao. Kati ya tabaka na tabaka husubiriwa, kwa maana chokaa haigandi kwa kukauka tu. Hujirudisha kuwa jiwe kwa kuvuta hewa ya ukaa, na ikikaushwa haraka na upepo hupasuka. Madirishani tulitundika magunia yaliyoloweshwa, na kuyalowesha asubuhi na jioni ilikuwa kazi yangu. Kingo za zidaka alizikata kwa kisu wakati plasta bado mbichi, kwa macho tu, na zilipopimwa baadaye zilikuwa sawa.

Yapo ninayoyalalamikia. Malipo yalikuwa ya siku, na kazi ya kusubiri ikihesabiwa kwa siku huumiza; afadhali mkubaliane kwa chumba. Wasaidizi walichanganya chokaa kwa mikono mitupu, ilhali huunguza ngozi na ni hatari zaidi ikiingia machoni, hadi tulipowanunulia glavu sisi wenyewe. Juu ya milango, mahali penye zege, plasta ilipata nyufa nyembamba kama nywele, kwa sababu chokaa haishiki zege laini kama inavyoshika tumbawe. Pia, kwa muda wa mwanzo, kila aliyeegemea ukuta aliondoka na weupe kwenye kanzu au buibui lake.

Hata hivyo, ningemwajiri tena bila kusita. Mchana wa jua kali vyumba vya chini ni vya baridi ya kupendeza, harufu ya unyevu haipo, na mwanga mdogo wa dirishani unatosha kuangaza chumba chote kwa vile kuta zinaurudisha. Rangi ya mafuta au ya plastiki hatutaipaka kamwe, maana ingeuziba ukuta na kuirudisha shida ile ile ya simiti. Tutapaka chokaa ya maji itakapohitajika.

Kwa vyumba vya juu tumekwisha kukubaliana naye: malipo kwa chumba, glavu kwa gharama yake, wavu wa nyuzi juu ya zege kabla ya plasta, na chokaa inayolowa shimoni tangu sasa. Ataanza mvua za masika zikipita, mara tu fundi umeme atakapokabidhi kazi yake.