Slaimu ya nyumbani: gundi, sabuni au wanga wa muhogo?

Mwakeye, mwakeye! Karibuni tena, leo niko hapahapa nyumbani Kigoma. Tunachambua slaimu, ule ute wa kuchezea ambao watoto wanaudai kila wakishika simu. Wazazi wenzangu mmeniuliza sana ipi inatengenezeka kweli kwa vitu vya nyumbani. Mezani nina gundi nyeupe ya mafundi seremala, bekingi soda, sabuni ya maji, chumvi, na hili bakuli la wanga wa muhogo. Jibu nawapa mapema kabisa: chukueni wanga.

Tuanze na gundi, kwa sababu ndiyo inayowamaliza watu hela. Angalieni, namimina gundi, naweka bekingi soda, nakoroga. Imekuwa nzito kidogo, ina chenga, lakini nikiinua kijiko inadondoka. Hiyo si slaimu. Gundi hii ndani yake ni minyororo mirefu sana ya molekuli, na kinachoifunga pamoja mpaka ivutike ni kemikali yenye elementi ya boroni. Bekingi soda haina boroni. Wale wa kwenye video za nje inawakubali kwa sababu wanaongeza dawa ya kusafishia lenzi za macho, yenye asidi ya boriki. Sasa niambie, jirani yako yupi ana dawa hiyo kabatini?

Wengine watawaambia mkatafute boraksi, unga wenye boroni, ile ya masonara. Ni kweli inafanya kazi, hata slaimu ya kampuni ya Mattel iliyotoka Marekani mwaka 1976 ilitumia boraksi. Lakini Umoja wa Ulaya umeiweka kwenye kundi la kemikali zinazodhuru uzazi, na mimi siwezi kumpa mtoto wa chekechea unga huo auchezee kwa mikono mitupu.

Na hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Kigoma yetu nyumba nyingi zinapika sabuni ya mawese, kwa hiyo kostiki, yaani kostiki soda, ipo ndani. Mtoto akisikia “soda” anaweza kuchota kostiki. Inaunguza ngozi, ikiingia jichoni inapofusha. Ifungieni juu, kwenye chombo chenye alama, kabla hamjaanza mchezo wowote wa kukoroga.

Sabuni ya maji na chumvi? Inakuwa nzito, basi. Wanaotengeneza sabuni za maji wanaijua hiyo, chumvi ndiyo wanayoipandishia uzito, na ukizidisha inarudi kuwa majimaji. Haivutiki. Tunaendelea.

Wanga sasa. Huu sikuununua. Chukua muhogo mbichi, menya, osha, kwangua kwenye kikwangulio cha karoti. Tia maji, kamua kwa kitambaa safi, yale maji meupe yaache yatuame. Baada ya saa chache mwaga maji ya juu taratibu: chini unakuta tabaka jeupe, gumu, ukiligusa linateleza. Huo ndio wanga. Uanike ukauke. Maji ya kukamulia yamwage mbali na kuku na mbuzi, maana muhogo mbichi una sumu ya sianidi, hasa ule mchungu. Unga wa ugali usiutumie hapa, una nyuzinyuzi, slaimu inakuwa na chenga.

Vipimo: vijiko 3 vya chakula vya wanga, kikombe kimoja cha maji. Koroga ukiwa wa baridi kwanza, ndipo uweke kwenye moto mdogo, usiache mwiko. Tazameni hapa: ulikuwa mweupe kama maziwa, sasa unaanza kupitisha mwanga kama kioo, halafu ghafla unashika. Epua. Hiyo kazi ya moto afanye mtu mzima, maana wanga wa moto unang'ang'ania ngozi na kuunguza.

Ukipoa, unyunyizie wanga mkavu kidogokidogo huku unakanda mpaka uache kunata. Kisha tone moja la mawese kiganjani. Oneni rangi hiyo! Na mikono haishiki tena. Navuta... navuta... umefika hapa ndipo umekatika. Mawese yanatia doa, kwa hiyo mvalishe mtoto nguo ya shamba. Ukitaka njano, weka manjano ya unga badala yake.

Kasoro yake ni moja kubwa: haudumu. Kwa joto letu, siku ya pili unaanza kuchacha, na ukiona ukungu tupa. Uweke kwenye kopo lenye mfuniko, na usiumwage kwenye sinki kwa sababu utaziba bomba. Fukia shambani. Ukinata kwenye mkeka, uache ukauke kabisa, halafu ubandue kwa kucha.