Kinanda cha Mwisho: Kuirudia The Incredible Hulk

Kinanda cha mwisho wa kipindi kilipoanza kulia, mwanangu wa miaka tisa alinyamaza. Tulikuwa tunatazama The Incredible Hulk, tamthilia ya zamani ya runinga ya Marekani kuhusu David Banner, daktari anayegeuka jitu la kijani anapokasirika. Tangu mwanzo alikuwa hachoki kuuliza. Mbona hili jitu haliruki juu ya majengo? Mbona linapigana na wahuni wa kawaida tu? Kisha Banner akatundika begi begani, akasimama ukingoni mwa barabara na kunyoosha kidole gumba kuomba lifti, na magari yakampita. Mtoto akauliza swali moja tu, kwa sauti ya chini: "Sasa analala wapi?"

Nilimkumbatia. Swali hilohilo nilimuuliza kaka yangu nikiwa na umri huo, tumekaa sakafuni mbele ya deki, na hakuwa na jibu.

Nina seti ya diski zenye misimu yote mitano, na kwa wiki sita sasa tunatazama kipindi kimoja kila jioni. Nilikuwa na hofu, maana vitu vingi vya utotoni ukivirudia ukubwani unavikuta vimesinyaa. Hiki hakijasinyaa, na mwigizaji anayenifanya niseme hivyo ni Bill Bixby, anayemcheza Banner.

Utotoni sote tulimtaka Lou Ferrigno, anayelicheza jitu lenyewe. Tulikuwa tunasubiri macho yabadilike rangi, shati lichanike mgongoni, viatu vipasuke. Kaka alichana shati lake la shule akiigiza, na siku hiyo mama hakucheka. Leo najikuta namtazama Bixby zile sekunde chache kabla ya macho kubadilika. Mtazame usoni: hana hasira, ana woga. Anawasihi watu wamwache, anajaribu kutoka chumbani, anajua kinachokuja na hawezi kukizuia. Stelingi wa kawaida huzingojea nguvu zake kwa hamu. Huyu anazikimbia.

Mizizi ya woga huo imepandwa vizuri katika filamu ya kwanza ya runinga, iliyoonyeshwa Marekani Novemba 1977. Banner ni daktari aliyempoteza mkewe, Laura, katika ajali ya gari. Hakuwa na nguvu za kumtoa. Baadaye anawahoji watu waliowahi kupata nguvu za ajabu wakati wa hatari, akiwemo mama aliyenyanyua gari kumwokoa mwanawe, na swali linamtafuna: kwa nini wao wakaweza na mimi nikashindwa? Anajipiga miale ya gamma kwenye maabara bila kujua kwamba mashine imeongezwa nguvu, na dozi inapita kiasi. Mara ya kwanza anapogeuka hakuna adui yeyote mbele yake. Ni usiku, mvua inanyesha, tairi lina pancha, spana inateleza na kumuumiza mkono. Basi. Mtu yeyote aliyewahi kukwama na gari njiani peke yake anaijua hasira ile, na ndiyo maana tukio lile linaaminika kuliko maroketi yote ya dunia.

Mtayarishaji, Kenneth Johnson, alichukua jitu walilolibuni Stan Lee na Jack Kirby katika vitabu vya katuni mwaka 1962 akalipunguzia karibu kila kitu. Halizungumzi. Risasi inaweza kulijeruhi. Badala ya maadui wenye mavazi ya ajabu akaweka mwandishi wa gazeti, Jack McGee, anayemfuatilia Banner mji hadi mji. Johnson ameeleza mwenyewe kwamba fikra hiyo ilimjia kutokana na riwaya ya Les Misérables ya Victor Hugo: mkimbizi mwema na mtu asiyechoka kumsaka. Jack Colvin anamcheza McGee kwa ubinadamu ambao sikuuona nilipokuwa mdogo. Nilimchukia sana. Sasa namwona mtu aliyeona kitu kweli na hakuna anayemwamini.

Na Ferrigno nisimpite haraka. Alipoteza sehemu kubwa ya usikivu wake tangu utotoni, na hapa hana mstari wa kusema; hata ngurumo si zake, ziliwekwa na waigizaji wengine. Amebaki na uso na mabega tu. Angalia jitu linavyoinamisha kichwa mbele ya mtoto au mnyama, mikono ile mikubwa ikawa haijui pa kwenda. Mwanangu alisema, "Linaona haya." Ndivyo kabisa.

Mapungufu yapo. Vipindi vingi vina mpangilio uleule: mji mpya, kibarua kipya, jina jipya, jitu mara mbili, kwaheri. Kuna kipindi cha malori kilichoazima picha nyingi kutoka Duel, ile filamu ya Steven Spielberg ya 1971, na mshono unaonekana wazi. Msimu wa mwisho ni mfupi, na hadithi ilikatika mwaka 1982 bila mwisho wa maana. Filamu tatu zilizofuata, kati ya 1988 na 1990, zilijaribu kuufunga mkasa. Ya mwisho siipendi, ingawa Bixby mwenyewe ndiye aliyeiongoza, na alifariki mwaka 1993. Siwezi kuitazama bila kuwaza hilo.

Kwa anayetaka kuanza, baada ya ile filamu ya kwanza nenda moja kwa moja kwenye "Married", kinachofungua msimu wa pili. Mariette Hartley anacheza daktari mgonjwa asiye na muda mrefu wa kuishi. Yeye anajaribu kumtibu Banner na Banner anajaribu kumtibu yeye, na katikati ya kushindwa kwao wanaoana. Hartley alipata tuzo ya Emmy kwa kazi hiyo, na aliistahili kwa namna anavyocheka tu. Tulipofika mwisho ilibidi nisimamishe diski tupumue.

Sasa tuko msimu wa tatu. Kipindi kinachokuja ni "Homecoming", Banner anaporudi shambani kwa baba yake ambaye hawakuelewana kwa miaka. Nimemwambia mwanangu tukisubirishe hadi Jumamosi, kaka yangu anakuja. Ameshaomba akae sakafuni.